UZI: Ingekuwaje kama Nzwani wangetia saini kule Antananarivo, Aprili 1999?

Nahodha Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za "ingekuwaje kama" humu jukwaani zimejaa Hitler na Vita Baridi. Leo tusogee karibu na kwetu. Nazungumzia kisiwa cha Nzwani, ambacho ramani nyingi hukiandika Anjouan: kilomita za mraba 424, takribani robo ya Unguja. Wengi wetu tulikisikia Machi 25, 2008, wanajeshi wetu wa Tanzania waliposhuka kule pamoja na Wasudani na jeshi la Komoro kumng'oa kiongozi wa kisiwa, Kanali Mohamed Bacar. Bacar akatoroka kwa boti hadi Mayotte, habari ikaisha, tukarudi kwenye mambo yetu.

Sasa 2008 ulikuwa mkia tu. Mambo yalianza 1997.

Kwa ambao hawakufuatilia: Komoro ilijitangazia uhuru Julai 6, 1975, visiwa vitatu (Ngazija, Nzwani na Mwali) vikatoka na Mayotte ikabaki na Ufaransa. Nzwani na Mayotte zimetenganishwa na bahari ya kilomita 70 hivi. Miaka ikaenda, upande mmoja wa ule mkondo mishahara inalipwa na hospitali zina dawa, upande wa pili mwalimu anakaa miezi bila senti. Januari 1994 faranga ya Komoro ikashushwa thamani kwa theluthi moja. Januari 1995 Ufaransa ikaweka viza kwa anayetoka visiwa vingine kwenda Mayotte, hata kama anakwenda kumwona shangazi yake. Oktoba 1996 Rais Mohamed Taki akaleta katiba iliyovuta madaraka yote Moroni, mji mkuu ulio Ngazija. Hayo yote yakiwa tayari, ikabaki kiberiti tu.

Julai 1997 watu wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, wakapandisha bendera ya Ufaransa. Agosti 3 wakatangaza kujitenga, siku chache baadaye Mwali nao wakafuata. Na hapa ndipo penye ajabu: Nzwani hawakujitenga ili wawe nchi. Walijitenga ili warudishwe kwa mkoloni. Paris ikakataa. Septemba Taki akatuma askari wapatao 300 kukirudisha kisiwa kwa nguvu, wakapigwa vibaya, wengine wakatekwa. Oktoba 26 kura ya maoni ikapigwa, zaidi ya asilimia 99 wakaunga mkono kujitenga. Hakuna nchi iliyowatambua. Hata moja.

Watu wengi wakicheza historia mbadala ya kisiwa hiki huuliza: je, Ufaransa ingesema ndiyo? Mimi hilo swali naliacha. Ufaransa ilikuwa imeshalaumiwa Umoja wa Mataifa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya Mayotte. Kuchukua kisiwa cha pili cha nchi iliyo mwanachama wa Umoja wa Mataifa na wa OAU ingekuwa kujitafutia ugomvi na Afrika nzima kwa ajili ya mashamba ya mlangilangi. Chirac asingethubutu, na Jospin aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia uwaziri mkuu asingemruhusu.

Mlango uliokuwa wazi kweli ni mwingine. Aprili 1999, Antananarivo huko Madagaska, OAU iliwakusanya wote mezani. Rasimu ilikuwa nono: Muungano mpya, kila kisiwa kijiendeshe kwa sehemu kubwa, urais uzunguke kwa zamu. Ngazija wakakubali, Mwali wakakubali. Ujumbe wa Nzwani ukasema hauwezi kusaini kabla ya kurudi nyumbani kuwauliza watu.

Siku chache baadaye Moroni ikalipuka. Vijana wakaweka vizuizi barabarani wakiwasaka Wanzwani waishio pale, wengi wakarudishwa kwao kwa boti. Aprili 30 mkuu wa majeshi, Kanali Azali Assoumani, akachukua nchi akisema anazuia damu isimwagike. Azali huyohuyo mnayemwona leo.

Hoja yangu basi: ile kalamu waliyoikataa ndiyo iliyompa Azali ikulu. Wanzwani walimtengeneza wao wenyewe mtu ambaye baadaye aliwarudisha chini ya Moroni kuliko Taki alivyowahi kuota. Mtiririko mzima wa historia yangu mbadala nauleta hapo chini, kwanza nisikie mawe.

---

Bint Shangani

Kaka Nahodha, nimesoma mpaka mwisho. Lakini hapo pa "warudishwe kwa mkoloni" umepita haraka mno. Watu waliopata uhuru miaka 22 tu nyuma, tena rais aliyetangaza uhuru, Ahmed Abdallah, ni mtu wa Nzwani, wa Domoni. Leo wajukuu wapandishe bendera ya Ufaransa? Mimi sioni njaa peke yake ikifanya hivyo. Sisi huku Zanzibar tuna Wangazija tele, tumeishi nao, tumeoleana nao, ni watu wa kujivuna. Naomba unifafanulie.

---

Nahodha Mstaafu

Dada yangu, ni kweli njaa peke yake haitoshi. Ongeza na ugomvi wa visiwa. Baada ya Abdallah kuuawa Novemba 1989, Nzwani walijiona wametolewa jikoni. Marais waliofuata, Djohar kisha Taki, wote wa Ngazija. Bandari ya maji marefu iko Mutsamudu, karafuu na mlangilangi vinatoka kwao, lakini mapato yanahesabiwa Moroni.

Na tusisahau hali ya serikali yenyewe. Nchi iliyopinduliwa mara kadhaa, mbili kati ya hizo kwa mkono wa mamluki Bob Denard ndani ya miaka mitatu ya kwanza! Kwanza anamsaidia Ali Soilih kukaa madarakani, 1978 anarudi kumng'oa. Mwaka 1995 akaja tena, safari hiyo Wafaransa wenyewe wakamfuata kumkamata. Kijana wa Nzwani mwenye miaka 20 mwaka 1997, "uhuru" alioujua ni huo. Ile bendera waliyopandisha mimi naisoma kama bango la kudai mshahara, si mapenzi kwa Paris. Waliona jirani yao wa kilomita 70 anaishi vipi, wakataka hivyohivyo.

---

Chuma Chakavu

Mleta uzi unakosea kuitupa ile njia ya Ufaransa bila kuipima. Kuna kisiwa kilifanya kilekile na kikafanikiwa: Anguilla, kule Karibi. Waingereza walikiunganisha na Saint Kitts na Nevis. Mwaka 1967 wananchi wakawafukuza polisi wa Saint Kitts, wakapiga kura Julai, 1,813 kwa 5. Machi 1969 London ikatuma askari wa miavuli na polisi, dunia ikacheka maana hapakuwa na vita yoyote, watu waliwapokea vizuri tu. Walichotaka ni kutawaliwa na Uingereza moja kwa moja, wakakipata, na mwaka 1980 wakatengwa rasmi na Saint Kitts. Mpaka leo wako hivyo.

Kwa hiyo kudai mkoloni arudi si wazimu. Inategemea unadai lini.

---

Nahodha Mstaafu

Chuma, mfano huo ni mzuri kuliko wote ambao ungeweza kuleta, na umejijibu mwenyewe mstari wa mwisho. Mwaka 1967 Saint Kitts ilikuwa bado haijapata uhuru kamili, wameupata 1983. Anguilla walikuwa wanagombana ndani ya nyumba ya Mwingereza, naye akawa na haki ya kuhamisha vyumba. Nzwani walikuwa wameshatoka nje tangu 1975, Komoro ina kiti New York. Ukitaka Anguilla ya Bahari ya Hindi, hiyo ni Mayotte yenyewe. Wao walikataa uhuru Desemba 1974 kwa karibu theluthi mbili, wakapiga kura tena Februari 1976 wakabaki, na Machi 2011 wakawa mkoa wa 101 wa Ufaransa. Nzwani walifika kituoni wakati treni imeondoka zaidi ya miaka 20.

---

Mtoto wa Moroni

Salaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Mngazija, nimesoma Dar, humu huwa nasoma tu sichangii. Leo nimeshindwa.

Ndugu Nahodha, unazungumzia saini kana kwamba pale Mutsamudu palikuwa na mtu mmoja wa kuitia. Nani? Foundi Abdallah Ibrahim alikuwa rais wa jina. Desemba 1998, miezi minne tu kabla ya Antananarivo, wafuasi wake na wafuasi wa Chamassi Said Omar walipigana mitaani Mutsamudu kwa silaha nzito, wakafa makumi ya watu. Vijana wenye bunduki walikuwa hawamtii mzee yeyote. Wale wajumbe waliposema wanahitaji kurudi kuuliza nyumbani haikuwa hila. Walikuwa wanaogopa kushuka uwanja wa Ouani na karatasi iliyosainiwa.

Tuseme wangesaini. Mimi naona wangeuawa au wangekimbia, na karatasi ingechanwa ndani ya wiki.

Jambo la pili, uliyosema kuhusu Moroni ni kweli na sisi huwa hatupendi kuyasema. Majirani waliwafukuza majirani. Wala si saini iliyokosekana iliyosababisha, hasira ilikuwa imekusanyika tangu wale askari walipokufa Septemba 1997. Kila familia kubwa ya Ngazija ilikuwa na mtu wake kule.

---

Kigogo wa Mtaa

Nakazia hapo. Halafu Komoro imeshaona mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20 tangu 1975. Ukimtoa Azali kwenye hesabu anakuja kanali mwingine. Mleta uzi una chuki binafsi na Azali tu 😂

---

Nahodha Mstaafu

Kigogo, sina ugomvi na mzee wa watu. Mapinduzi mengi yalijaribiwa, ndiyo, lakini angalia mangapi yalidumu. Mwanajeshi yeyote anaweza kuteka redio asubuhi, kazi ni kupata sababu ya kubaki nayo jioni. Azali alipewa sababu na mitaa ya Moroni: miji inachomeka, rais wa mpito Massounde ni Mnzwani ambaye hakuna Mngazija anayemsikiliza, wanasiasa wamerudi mikono mitupu. Ondoa hizo siku chache uone kama kuna mtu angemshangilia kanali yeyote.

Ndugu yetu wa Moroni, wewe umenigonga mahali panapouma. Kwa hiyo mtiririko wangu nauandika nikiwa nimekubali hoja yako kwamba wenye bunduki hawatii. Huu hapa.

*Aprili 1999.* Wajumbe wanasaini, lakini kwa sharti: kura ya maoni Nzwani ndani ya mwaka, na waangalizi wa OAU wakae bandarini. Hawarudi Mutsamudu moja kwa moja. Wanapitia Fomboni, Mwali, wanakaa huko hadi watu wapoe. Moroni panakuwa na manung'uniko ila hakuna vizuizi, maana redio inatangaza kwamba nchi imeungana. Azali anabaki mkuu wa majeshi.

*Mwaka 1999 hadi 2001.* Hapa ni vurugu, sidanganyi mtu. Wanamgambo wanagoma, bandari inafungwa mara kwa mara, pengine Foundi anaondolewa kama alivyoondoka kweli akaingia Luteni Kanali Said Abeid. Tofauti moja kubwa: hakuna vikwazo vya OAU vya mwaka 2000. Katika historia halisi vile vikwazo ndivyo vilivyowapa wenye bunduki uhai, kwa sababu kisiwa kikifungwa, anayemiliki gati ndiye anayegawa mchele na mafuta.

*Bacar.* Simuondoi. Alikuwa afisa wa jandarma (polisi wa kijeshi) mwenye mafunzo ya Ufaransa na mwenye nidhamu katikati ya watu wasio na nidhamu, angepanda tu. Agosti 2001 alipanda kwa mapinduzi. Kwangu anapanda kama kamanda wa jandarma ya kisiwa chenye mamlaka yake, kisha anagombea. Anakuwa kiongozi wa Nzwani yapata mwaka 2002, vilevile. Ila anakuwa mmoja kati ya wakubwa watatu walio chini ya mkataba ambao kisiwa chake kimesaini kwa hiari, hakuwahi kuwa mlinzi wa ngome iliyozingirwa.

*Mwaka 2007.* Mwaka ule Bacar aliambiwa aahirishe uchaguzi wa kisiwa, akagoma, akaufanya Juni 10 kwa kura alizochapisha mwenyewe na kujiapisha. Aliweza kugoma kwa sababu alikuwa na jeshi lake dogo lililobaki tangu enzi za kujitenga. Mkataba wa 1999 ungekuwa na miaka minane ya kulichanganya jeshi hilo na la taifa. Mkataba wa Fomboni, ule uliosainiwa kweli Februari 2001, ulipata muda mfupi zaidi na mgeni wake rasmi alikuwa kanali aliyepindua nchi. Bacar angemwamini vipi?

*Machi 2008.* Haitokei. Watanzania wanaendelea kutoijua Nzwani, isipokuwa wale wanaoweka mikeka mtandaoni na kuona jina la Anjouan chini kabisa ya tovuti za kamari, pale penye leseni. (Hilo ni somo jingine kabisa. Benki Kuu ya Komoro imeshazikana benki za mtandaoni zinazojidai zimesajiliwa kisiwani humo.)

*Mwaka 2018.* Katika dunia yetu, Azali aliyerudi 2016 aliitisha kura ya maoni Julai 30, akapata katiba inayomruhusu kuendelea badala ya kuipisha zamu ya Nzwani. Oktoba watu wenye silaha wakajifungia mji mkongwe wa Mutsamudu, jeshi likawapiga kwa siku kadhaa, gavana akakamatwa. Katika dunia yangu hakuna Azali wa kuisogeza zamu. Zamu inafika, Mnzwani anaingia Moroni, wanasiasa wanagombana bungeni kama kawaida ya wanasiasa.

---

Jitu la Mwanga

Swali la nje ya mada kidogo. Sisi Tanzania ndio tuliitambua Biafra Aprili 1968, Mwalimu akaandika sababu zake zote, kwamba muungano usiowalinda watu wake umepoteza haki ya kuwalazimisha. Miaka 40 baadaye tunapeleka jeshi kuzima kisiwa kinachotaka kujitenga. Hapo tulikuwa tunafuata nini? Au kwa sababu Kikwete ndiye alikuwa mwenyekiti wa AU mwaka ule?

---

Nahodha Mstaafu

Uenyekiti ulichangia sana, sikatai. AU ilikuwa imeshindwa Darfur na Somalia, ikataka mahali pa kushinda haraka, na kisiwa kidogo chenye askari mia kadhaa kilifaa. Mbeki alipinga waziwazi, alitaka mazungumzo yaendelee. Ila tutenganishe mambo: 2008 Bacar hakuwa ametangaza kujitenga. Aligoma kuondoka madarakani. Anayefananisha na Biafra achukue 1997, na mwaka huo Tanzania haikuwatambua pia.

Ukiniuliza mimi, Mwalimu wa 1968 asingewatambua Nzwani hata kidogo, kwa sababu moja tu: walitaka kurudi Ufaransa. Dar ndiyo iliyowalea MOLINACO, harakati ya ukombozi wa Komoro, tangu miaka ya 60. Ungeanzia wapi kumweleza?

---

Bint Shangani

Mimi hapo nimeona jambo jingine, kaka. Komoro ya baada ya 2001 ilikuwa na marais wanne: mmoja wa Muungano na mmoja kila kisiwa. Watu wasiozidi milioni, marais wanne, misafara minne, ving'ora vinne. Mwaka 2009 Rais Sambi wa Muungano akawashusha wa visiwa wakawa magavana. Mkataba wako wa Antananarivo ungezaa gharama hizohizo, na Nzwani wangerudi kulalamika kwamba mwalimu halipwi. Tatizo lililoanzisha bendera ya 1997 hujaligusa. Umebadilisha wakubwa, mwalimu bado hana mshahara.

---

Mtoto wa Moroni

Dada umesema nililotaka kusema. Na mimi naongeza viza. Katika dunia ya ndugu Nahodha viza ya Mayotte ipo palepale. Boti za kwasakwasa bado zinatoka Nzwani usiku zimejaza wajawazito na wagonjwa. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilitaja waliokufa kwenye ule mkondo kwa maelfu. Aprili 2023 Ufaransa walianzisha operesheni ya kufukuza watu Mayotte, meli ikaja na waliofukuzwa, Komoro ikaikatalia kutia nanga Mutsamudu. Saini ya 1999 haifuti hata moja kati ya hayo.

Mimi ningeweka njia panda yangu Desemba 22, 1974. Kura ilipigwa visiwa vyote, karibu asilimia 95 wakataka uhuru. Ugomvi ukawa: tuhesabu pamoja au kisiwa kwa kisiwa? Bunge la Ufaransa likaja na sheria ya Julai 3, 1975 iliyodai katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa. Siku tatu baadaye Abdallah akatangaza uhuru bila kusubiri. Je, angesubiri? Je, angewapa Mayotte mamlaka yao ya ndani mapema, kabla Paris haijawapa sababu ya kubaki? Visiwa vinne vingetoka pamoja, hakuna viza, hakuna jirani tajiri wa kumtazama ng'ambo. Na Nzwani ya 1997 isingepandisha bendera ya mtu.

---

Nahodha Mstaafu

Dada Bint, kuhusu mshahara wa mwalimu sina jibu lililo ndani ya mkataba wowote, nakubali. Nilichodai ni kidogo kuliko hicho: nani angekuwa ikulu, na kama jeshi letu lingepanda meli.

Ndugu wa Moroni, 1974 ni pazuri, ila kuna kikwazo umekiruka. Viongozi wa Mayotte walikuwa wamechukia tangu makao makuu yalipohamishwa Dzaoudzi kupelekwa Moroni, huko miaka ya 50 na 60, kwa hiyo huyo Abdallah wako angetakiwa kuanza kuwabembeleza miaka kumi kabla. Na je, Ngazija mngekubali makao makuu yarudi Dzaoudzi? Fungua uzi wako tuupige, mimi nitakuja na maswali. Huu tusiufunge bado, kuna aliyesema kwenye ujumbe binafsi ana hoja kuhusu Mwali, kisiwa ambacho nacho kilijitenga 1997 na hakuna aliyekijadili humu tangu asubuhi.

---

Kigogo wa Mtaa

Mwali wana zamu yao, waliipata na Rais Ikililou 2011, watulie 😂

---

Mtoto wa Moroni

Uzi wa 1974 naufungua kesho baada ya Ijumaa. Suala la Dzaoudzi nitaanza nalo, na jibu langu ni ndiyo, wazee wetu wangekubali, ila kwa masharti ambayo hamtayapenda.